Muziki Uliomeza Shikamoo

Jibu ni hapana. Nimelitanguliza makusudi, ili mwenye ng'ombe wa kukatiwa majani asipoteze asubuhi yake kunisoma. Muziki mzuri hauokoi filamu mbaya. Unaweza kuifunika, unaweza kuikimbiza pale inapojikokota, unaweza hata kuwaliza watu wasijue wanalilia nini. Kuiokoa ni habari nyingine.

Nasema hivi kwa sababu nyinyi vijana mnaopiga filamu kwa simu mmezoea kunijia nyumbani. Mnabisha hodi, mnaniamkia vizuri, mnaulizia mguu wangu, mnaulizia kuku, na chai ikishamiminwa ndipo linatoka lililowaleta. "Bibi, tuna filamu yetu. Ina kasoro kidogo tu. Tulikuwa tunaomba utuwekee muziki." Kasoro kidogo! Nikiitazama nakuta jambazi anacheka huku anakufa, mgonjwa mahututi kalala kitandani na viatu miguuni, na mazungumzo yote yamefunikwa na jogoo wa jirani. Halafu mnanitazama kama vile dawa ninayo kabatini.

Kwa asiyenijua, mimi ni Mama Upendo. Nimezaliwa Mlalo, nikajifunza kinanda kanisani, kisha nikaajiriwa Lushoto mjini katika studio ya Bwana Salimu, kazi yangu ikiwa kutia sauti na muziki kwenye video. Harusi, kwaya, kasida, mikutano ya wafugaji wa nyuki, na mara mojamoja filamu. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, kwa hiyo video zetu nyingi za mwanzo, ukitega sikio, utasikia cherehani. Salimu alikuwa mtu wa msikitini, mimi wa kanisani. Ijumaa anatoroka yeye, Jumapili sionekani mimi, na kazi ikichelewa tunalaumiana Jumamosi. Tulifanya kazi pamoja mpaka macho yangu yakakataa kompyuta, na hatujawahi kununiana zaidi ya siku nzima.

Salimu alikuwa na sheria zake. Bibi harusi akinuna, ongeza vinanda. Mgeni rasmi akisinzia, peleka kamera kwenye maua. Mvua ikinyesha juu ya bati hotuba isisikike, weka kwaya na umwonyeshe msemaji akipunga mkono. Zilikuwa sheria nzuri, na zilitulisha.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba muziki ndio unaomwambia mtazamaji anachokiona akiite nini. Nilijifunza hilo kwa fedheha. Tulirekodi harusi moja kule Mlola, familia ya watu wastaarabu, wakulima wa viazi. Bibi harusi alipokuwa anatolewa kwao alilia vizuri kabisa kama inavyotakiwa, shangazi zake wamemshika huku na huku. Mimi nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ufundi. Nikampigia kwenye kinanda sauti ya fidla, polepole, nzito, ya kuchoma. Nikaridhika nayo mno. Haikupita wiki, baba wa binti akaja studio, kofia kichwani, kanda mkononi.

"Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama Upendo, hongera kwa kazi. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Huyu binti yangu mlimpeleka kwa mume au mlimpeleka makaburini?"

Kumbe waliiweka kanda mbele ya wageni, na bibi yake binti akaangua kilio cha msiba, jirani akaingia kwa kasi kuuliza nani amefariki. Salimu alijificha nyuma ya mashine akicheka hadi akakohoa. Nikaitoa fidla, nikaweka ngoma nyepesi na zumari, picha ileile, machozi yaleyale. Baba akaitazama palepale studio, akakubali kwa kichwa, akasema, "Sasa huyu anaolewa."

Tangu siku hiyo nikawa na kiburi. Mtu akishagundua kwamba anaweza kumhamisha bibi harusi kutoka kaburini hadi kwa mumewe kwa kubadilisha ngoma, lazima kichwa kivimbe. Kilivimba zaidi vijana fulani walipotuletea filamu ya mwizi wa mbuzi. Askari wao alikuwa mnene na mwizi wao alikuwa mvivu. Wote wawili walikuwa wanakimbia katikati ya matuta ya kabichi kwa uangalifu mkubwa, maana mwenye shamba alikuwa kasimama pembeni na fimbo akilinda kabichi zake. Nikawatilia mdumange, ngoma yetu ya Kishambaa, nikaiharakisha, nikaipandisha kila askari alipokanyaga tuta. Watu walikufa kwa kucheka. Walidhani ilikusudiwa hivyo. Waigizaji wenyewe, baada ya kusifiwa, nao wakaanza kudhani ilikusudiwa hivyo.

Mwalimu wangu wa kinanda asingefurahi. Alikuwa anaitwa Mwalimu Yona, mzee mwembamba aliyefundisha kwaya na tarumbeta kule Mlalo, na vidole vyake vilikuwa baridi mwaka mzima. Nilipokuwa msichana alikuwa anakaa pembeni yangu ibadani, na kitu alichonisumbua nacho hakikuwa namna ya kupiga. Alinisumbua kuhusu namna ya kuacha. "Mchungaji akivuta pumzi, wewe uwe umeshanyamaza," alisema. "Usingoje aanze kusema. Akivuta pumzi tu." Nikichelewa, alikuwa ananilazia vidole vyake vya barafu juu ya vyangu, mbele ya usharika wote, mpaka kinanda kinyamaze. Nilidhani ni mambo ya kanisani. Nilipofika studio nikayaacha kanisani.

Sasa nije kwa Jumaa Hoza, maana yeye ndiye sababu ya jibu langu.

Jumaa alikuwa mtu wa Vuga, tayari ana mvi za pembeni tulipofahamiana. Ujana wake aligombana na baba yake kwa ajili ya shamba la kahawa. Yeye alitaka ling'olewe lipandwe karoti, baba akasema mpaka nife. Maneno yakawa makali, Jumaa akashuka Tanga akajifunza ufundi wa pikipiki. Akiwa huko, baba akafariki. Nyinyi mnajua maziko ya Kiislamu hayangoji mtu. Taarifa ilipomfikia, mzee alikuwa ameshazikwa. Angepanda Vuga siku ileile bado ingekuwa afadhali, lakini aliona haya kufika mahali ambapo kila mtu amemaliza kulia. Ikaja arobaini, akaona haya zaidi. Mwisho wake akarudi milimani akapanga chumba hapa Lushoto, akafungua gereji, na Vuga hakwenda. Pikipiki za Vuga alizitengeneza, watu wa Vuga alipiga nao soga, ila nyumbani kwao hakukanyaga.

Mama yake, Bi Zaina, alijua kwamba mwanawe yuko Lushoto. Hakumtumia maneno. Alimtumia maharage. Mtu akishuka sokoni anapewa kifuko, "Mpe Jumaa." Maharage alikula. Kwenda hakwenda.

Siku moja alikuja studio na mikono yake ya grisi, akasema ametunga filamu. Inahusu mtu aliyekosa maziko ya baba yake, akarudi kwao baada ya miaka mingi. Salimu akanitazama, nikamtazama Salimu. Ilikuwa wazi kama mchana. Alichoshindwa kukifanya kwa miguu alitaka kukifanya kwa kamera, na alisema mapema kabisa kwamba ikishakamilika ataionyesha Vuga kwanza, kabla ya mahali pengine popote. "Na mama awe mbele," alisema. "Aione mwenyewe."

Filamu aliipiga Mlola, mbali na macho ya kwao. Aliitunga mwenyewe, akaiongoza mwenyewe, na yule mwana akamwigiza mwenyewe. Jamani, ilikuwa mbaya. Jumaa mbele ya kamera alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba yai kwapani. Kila aliyezungumza alikuwa anangoja mwenzake amalize, kisha anahesabu moyoni, kisha ndipo anajibu. Kamera ilishikwa na mtu mwenye mafua, na unaona picha inavyoruka kila akipiga chafya. Kitu kizuri kilikuwa kimoja tu, Bi Hadija, mkulima wa pale Mlola aliyepewa nafasi ya mama. Aliambiwa apepete maharage, akapepeta kweli, kwa sababu yalikuwa yake na alitaka kuyapika. Wengine wote walikuwa wanaigiza, yeye alikuwa kazini.

Filamu nzima ilikuwa inaelekea kwenye kipande kimoja. Mwana anaingia uani na begi, mama anapepeta, mwana anainama anasema, "Shikamoo mama." Basi. Kwetu huku hakuna haja ya kuongeza. Anayerudi kwao hatui mzigo kabla hajaamkia, na mama akishaitikia marahaba, hapo ndipo amefika. Asipoitikia, mtu huyo bado yuko njiani hata kama kashapewa kiti. Haya mnayajua, naandika tu kwa ajili ya wale watakaosoma wakiwa mbali.

Kipande hicho walikipiga mchana, juu ya mlima, maiki ikiwa uchi. Nisikilizeni hapa, hili ni la bure. Upepo wetu unapanda kutoka bondeni jua likishakuwa kali, na maiki haijui kutofautisha upepo na gari la mizigo. Ivisheni maiki soksi ya mtoto, ile ya sufu nene ambayo mama zenu wanafuma. Pigeni mazungumzo asubuhi upepo haujaamka. Na kabla hamjaondoka mahali, mwambieni kila mtu anyamaze, mrekodi pale mahali penyewe palivyo, kuku wake, mfereji wake, majani yake. Siku mkikata kitu mtakuwa na cha kuzibia. Jumaa hakuna alichofanya kati ya hayo. Midomo yake inaonekana inasema shikamoo mama, na kinachosikika ni fuuuu, kisha kama mkia wa neno, kisha fuuuu tena.

Nikamwambia hiyo si shida, tutairudia sauti studio. Nikamkalisha mbele ya maiki, nikamwonyesha picha, nikamwambia aseme midomo ikifunguka. Mara ya kwanza alisema kama anaita mteja wa gereji. Nikamwambia polepole baba, huyo ni mama yako. Hapo ndipo nilipoharibu. Baada ya hapo sauti haikutoka kabisa. Alikunywa maji, akajaribu, akanywa tena. Salimu akataka kumchekesha.

"Jumaa, ni maneno mawili hayo. Mtoto wa chekechea anayaweza."

Jumaa hakucheka. Alivua vile vya masikioni akaviweka mezani taratibu. "Mama Upendo, weka muziki hapo," alisema. "Watu wataelewa."

Fundi mwenye busara angesema rudi kesho. Mimi nilikuwa na kiburi cha bibi harusi wa Mlola na kabichi za mwizi wa mbuzi, na muziki wenyewe ulikuwa umeshaanza kunitembea vidoleni. Nikasema sawa.

Niliutunga kwa moyo wote. Kinanda chini, kidogo tu, wakati anapandisha njia. Akifungua lango zinaingia tarumbeta, niliwaita wapigaji wawili waliofundishwa na Mwalimu Yona mwenyewe, nikawaambia wapige kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Na anapoinama, palepale pa fuuuu, vyote vinapanda pamoja na ngoma moja ya taratibu chini yake. Salimu, ambaye sijawahi kumwona na chozi hata siku alipobanwa kidole na mlango, alitoka nje akasema anakwenda kuangalia mvua. Mvua haikuwepo. Jumaa aliusikiliza, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Umenisaidia." Niliamini hivyo na mimi.

Tukapanda Vuga siku ya Jumamosi. Tulipewa darasa la shule, tukaziba madirisha kwa mablanketi na khanga, tukatundika shuka jeupe ubaoni, projekta nikaiweka katikati juu ya dawati la pili. Salimu ndiye aliyekwenda kumwalika Bi Zaina. Alimkuta anachambua mboga.

"Jumaa yumo?" akauliza mama.

"Yumo, mama. Ndiye mwigizaji mkuu."

"Sikuulizi kwenye picha. Nakuuliza, yumo?"

"Atakuwepo."

Akaingia ndani akabadilisha khanga.

Walimketisha dawati la mbele, na mimi na mashine yangu tulikuwa nyuma yake kabisa, ningeweza kumgusa bega. Jumaa alibaki nyuma mlangoni, nusu yake ndani ya blanketi. Watu walijaa mpaka kwenye sakafu. Filamu ikaanza, na wakacheka pasipopaswa, kama nilivyotegemea. Kwenye kipande cha huzuni picha ikaruka kwa chafya, darasa zima likasema "Afya!" Sikujali. Nilikuwa nangoja tarumbeta zangu.

Zikaja. Darasa lilitulia tuli. Watoto walinyamaza, akina mama wakashika mashavu. Jumaa wa kwenye shuka akafungua lango, akapita uani, akainama mbele ya Bi Hadija, midomo ikafunguka, muziki ukapanda. Niliwaza moyoni, hapa sasa. Nikaona wazi jinsi filamu nilivyoiokoa.

Ndipo mzee mmoja wa upande wa dirishani akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelimishwa:

"Mbona hajaamkia?"

"Nani?"

"Huyo kijana. Kaingia kwa mama yake kama anaingia dukani."

"Kaamkia bwana," kijana mmoja akatetea. "Mdomo si umecheza?"

"Hata mbuzi mdomo unacheza."

Wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa kile cha chafya. Mwanamke mmoja akasema labda huko mjini wanakokaa hawaamkii tena. Mwingine akasema na huyo mama naye amekubali nini, kampokea begi mtu ambaye hajasema kitu. Muziki wangu wote ulikuwa unaendelea, mtamu vilevile, na kila ulipozidi kuwa mtamu ndivyo yule mwana alivyozidi kuonekana hana adabu, amepigiwa tarumbeta juu ya utovu wake. Mimi ninayejiita fundi wa sauti nilikuwa nimesahau kwamba watu hawa wangevumilia picha inayoruka, waigizaji wa mbao, na jua linalozama mara mbili, wasivumilie kukosa kulisikia neno lile moja.

Bi Zaina hakuzungumza na watu. Alimwinamia jirani yake, akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini. Nilimsikia kwa kuwa nilikuwa mgongoni kwake. Alisema, "Hata kwenye picha ameshindwa."

Akaanza kukusanya khanga yake ili ainuke.

Nikazima. Sikuzima kwa busara yoyote, kidole kilikwenda chenyewe, kama kile cha Mwalimu Yona kilivyokuwa kinakwenda. Muziki ukakatika katikati, picha ikaganda, Jumaa kaachama kwenye shuka. Nikaita bila kugeuka.

"Jumaa. Hapa hakuna maiki. Njoo."

Nikajua nimemwaibisha mtu mzima mbele ya kijiji chake. Kisha nikasikia watu wanasogeza magoti. Alikuja akipita katikati ya madawati, akaingia kwenye mwanga wa projekta, na ile sura yake iliyoganda ikamwangukia mgongoni juu ya shati. Mbele ya mama yake akageuka, akainama zaidi ya alivyoinama kwenye filamu.

"Shikamoo mama."

Sauti ilikuwa mbaya. Ilikwaruza. Ningekuwa studio ningemwambia arudie.

Bi Zaina alimtazama kutoka kwenye nywele hadi kwenye viatu, hakuwa na haraka.

"Nani?" akauliza.

"Jumaa."

"Jumaa wa nani?"

Mtu mwingine angetaja jina la baba, ndivyo inavyojibiwa. Najua alikuwa analitafuta. Halikutoka.

"Wako, mama."

Mama akaiachia khanga aliyokuwa anaikusanya. "Marahaba," akasema. Kisha, kwa sauti yake ya kila siku, "Mbona umekonda? Hayo maharage ulikuwa unampa nani?"

Darasa lililipuka. Wengine walicheka, wengine walipiga vigelegele, yule mzee wa dirishani akawa anamweleza kila mtu kwamba yeye tangu mwanzo alisema tu kijana aamkie. Mimi nililia. Nililia waziwazi, na sikuwa na muziki wa kuusingizia. Jumaa alikalishwa dawati la mbele kwenye nafasi ambayo kwa kweli haikuwepo, bega kwa bega na mama yake, magoti yamembana kifuani.

Watoto wakadai filamu iendelee. Ikaendelea, na mnisikilize vizuri, ilikuwa mbaya vilevile. Walicheka tena pasipopaswa. Hakuna kilichookolewa pale kwenye shuka, wala na muziki wangu, wala na kitu kingine. Aliyeokolewa alikuwa amekaa dawati la mbele, na aliokolewa muziki ulipokatika.

Tuliporudi Lushoto nilikaa mbele ya mashine nikaukata ule muziki kwenye kile kipande, kuanzia anapovuta pumzi. Salimu aliniomba nisiukate. Alisema sijawahi kutunga kizuri kama hicho, na alikuwa anasema kweli, na mpaka leo sijatunga. Niliumia kuukata. Nikamwambia Jumaa aje sasa tuirudie sauti, kwa kuwa maneno yale sasa anayaweza. Akakataa. "Acha upepo wangu, Mama Upendo," alisema. Basi tukauacha upepo. Anapanda njia na kinanda, anafungua lango na tarumbeta, kisha kila kitu kinanyamaza, fuuuu, na ukitega sikio unasikia mkia tu wa neno, "...moo mama," kisha fuuuu.

Kwa hiyo mkija kwangu na kasoro zenu ndogo, nitawauliza kwanza ni neno gani mnalotaka muziki uwasaidie kulificha. Mkinitajia, nitawarudisha mkalirekodi upya, asubuhi, na soksi. Mengine yote nitawatilia ngoma, hata mwizi wenu akiwa mvivu kiasi gani.

Jumaa siku hizi anaishi Vuga, gereji kahamishia huko. Shamba la kahawa lipo, karoti kapanda pembeni yake. Kila Idi wananialika, na baada ya pilau lazima wajukuu waiweke ile filamu kwenye shuka ukutani. Bi Zaina amezeeka sana, masikio yake si mazuri, lakini ikifika pale pa upepo anajiweka sawa kwenye kiti. Jumaa mwenyewe yuko pembeni yake anamenya pea. Upepo unavuma, fuuuu, na mama analiambia lile shuka, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Marahaba."

Kisha ananigeukia. Mwaka huu tena amenigeukia. "Mama Upendo," ameniambia, "huku mbele kote huwezi kututilia muziki kidogo? Inachosha."

Nimemwambia nitaona.